Mlio wa Gari la Baba

Gari la baba yangu lina viti viwili, na sisi watoto tulikuwa wanne. Hapo ujue kabisa kwamba hakulinunua kwa ajili yetu. Ni gari la michezo la Kiingereza, lililotengenezwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili, la kijani, fupi kiasi kwamba mbuzi wa kwetu Nyegezi hulitazama uso kwa uso. Paa lake ni turubai, na magurudumu yana spoku kama baiskeli. Alilinunua kwa Mwingereza wa kiwanda cha kuchambua pamba aliyekuwa anarudi kwao, na mama akanuna hadi mvua za vuli.

Sasa baba haoni. Presha ya macho ilichukua jicho moja, halafu la pili, na daktari akatuambia wazi kwamba hakuna la kufanya. Siku hiyo tuliporudi nyumbani aliomba nimshike mkono hadi kwenye gari. Nikaliwasha. Akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Kabureta ya nyuma inakunywa mafuta sana, mama," akasema. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa nilikuwa naliwasha, yeye amekaa kiti cha abiria, na hatuendi popote. Alisema nyumba nzima imempotea, ila akisikia mlio ule anajua yuko wapi. Utotoni nililichukia gari hilo, lakini Jumapili zile nilizipenda kuliko kitu chochote.

Mwaka huu silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ikapasuka. Spea haikuwepo Mwanza wala Dar, nikaagiza Uingereza. Kila asubuhi baba aliniuliza imefika wapi, kama mtu anayeulizia mgonjwa. Tukiwa bado tunangoja, shangazi yetu wa Nansio akafiwa na mumewe. Mimi na baba tukapanda kivuko, tukakaa huko Ukerewe hadi matanga yakaanuliwa.

Tuliporudi, tuliwakuta kaka zangu watatu wamejipanga uani na mashati ya kanisani, na wake zao wamepika pilau. Kaka mkubwa akanivuta pembeni huku anacheka peke yake.

"Tumemwekea Mzee injini mpya. Ya Kijapani. Spea zake ziko kila kona, haisumbui tena."

"Na ile ya zamani iko wapi?"

"Tumewapa watu wa vyuma chakavu. Wameshaivunja kwa nyundo, ya nini tena?"

Nilitaka kumtukana. Lakini nilipomtazama, macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya furaha, nikalimeza tusi. Utamtukanaje mtu aliyempenda baba yako kwa nguvu zake zote? Nikafikiri nimwambie baba kabla hawajaliwasha, lakini alikuwa ameshafika kwenye gari, anapapasa boneti.

"Limepona?"

"Limepona, Mzee!" wakaitikia wote.

Nikamsaidia kuingia. Kaka mkubwa akakaa kwenye usukani, akawasha. Injini ikaitika mara moja, laini, bila kukohoa hata kidogo. Mawifi wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa baba, nimeshika bega lake.

Baba akainamisha kichwa. Akasikiliza hadi vigelegele vikapungua vyenyewe. Kisha akageuza uso upande wa geti, akatabasamu kwa adabu kama anavyofanya mbele ya wageni.

"Jamani, kuna mgeni ameingia na gari lake. Mwambieni azime kidogo, nisikie letu."

Kaka akanitazama mimi, nami nikatazama chini. Mwishowe akazima.

"Ahsante," baba akasema. Akapapasa hadi akaupata mkono wangu. "Haya mama, sasa washa."