Siku Mbwa wa Mugeta Hawakubweka

Ile asubuhi naikumbuka kuliko ya jana, mwanangu Wambura, na ya jana naikumbuka vizuri kwa sababu ulininyima usingizi. Weka simu pembeni. Hapana, usiitie mfukoni, iweke hapo mezani niione. Kesho unapanda basi la Mwanza, halafu ndege, halafu Ulaya kwenu, na mimi shangazi yako sina muda wa kuzunguka.

Baba yako aliponipigia simu alilia. Mdogo wangu yule sijamsikia akilia tangu tuko wadogo. "Dada," akasema, "mtoto ananipotea ndani ya nyumba." Nikamwambia akulete Musoma. Umekaa na sisi hapa Kigera, umekula samaki, watoto wa mtaa wamekuita mzungu mpaka ukanuna, na jana jioni tulipokuwa tunaanua dagaa ukanieleza mwenyewe. Kwamba huko ulikozaliwa wanakuuliza kila siku umetoka wapi. Kwamba polisi wanakusimamisha wewe na kuwaacha wenzako. Kwamba umepata ndugu kwenye simu, wanakuita wa kwao, wanakutajia jina la Mungu, wanakwambia watu wa nchi ile lazima walipizwe kisasi. Na sasa wanataka uwaonyeshe stesheni ya treni unayopita tangu utoto, milango yake, na saa ambazo watu wamejaa. Unasema hujawajibu. Utawajibu ukifika.

Haya. Kaa vizuri nikuambie habari ya Petro.

Mimi sikuzaliwa mjini. Sisi ni watu wa Mugeta, watu wa ng'ombe, na hiyo harufu ya dagaa unayoikunjia pua nimeijulia ukubwani. Wazazi wake Petro walikuja Mugeta kutoka mbali, wakiwa na mbuzi wachache na vyombo vyao kichwani. Kabila lao silitaji, maana watu wao wapo mpaka leo na ni watu wema. Babu yako akawapa mahali pa kujenga, nyuma ya zizi letu. Petro alizaliwa palepale. Mama yangu ndiye aliyemkata kitovu.

Huyo mtoto alikuwaga anaongea lugha yetu kunishinda mimi. Aliwajua ng'ombe wetu wote kwa majina. Mbwa ndiyo usiseme, akipiga mluzi wake tu walikuwa wanaacha chakula na kumfuata. Lakini watu wakimtaja walisema "yule mtoto wa wageni". Kazaliwa hapa, meno yamemwotea hapa, bado wa wageni! Mimi nilikuwa msichana tu na hata mimi niliona si sawa.

Sasa sikiliza jambo ambalo wewe hujalikuta. Zamani kwetu vijana walikuwaga wanaingia jandoni kwa pamoja, na waliotoka pamoja ni rika moja mpaka kufa. Wanakula sahani moja. Wanajengeana nyumba. Mmoja akipiga yowe, wote wanakimbia, hata kama wamenuniana. Mwaka wa Petro ulipofika, wazee wakakaa kikao wakasema huyu akatahiriwe kwao. Kwao wapi? Babu yako alikuwepo kwenye kikao na alinyamaza. Basi mama yake Petro akampeleka hospitali Bunda, peke yake, akarudi amepona na hana rika.

Vijana wenzake wakila, yeye alikuwa anakula amesimama nje ya uzio. Kaka yangu mkubwa, ambaye jina lake ndilo hilo unalolibeba, hakuweza kuvumilia. Akawa anakata tonge lake kubwa, anatoka nje, anakaa chini na Petro, wanakula wawili. Mimi nilikuwa napeleka mboga. Wenzake walimcheka Wambura sana, wakasema ameoa. Akawajibu wafunge midomo, mboga isije ikaingia inzi. Ndivyo alivyokuwa, maneno hayamwishi.

Halafu ikatokea siku ya fisi. Ilikuwa mchana kweupe, Petro anachunga ndama wetu peke yake, fisi wakamvamia. Akapiga yowe. Mwanangu, yowe lile lilisikika mpaka kisimani. Vijana walikuwa wamekaa, wakasikilizana, mmoja akasema, "Ni yule, siyo rika letu." Wakaendelea kukaa. Wambura siku hiyo alikuwa mnadani. Petro akapambana na fisi kwa fimbo, akaokoa ndama wote, akarudi shati limechanika na mkono unavuja damu. Alifunga ndama, akanawa, akaenda kwao. Tangu siku ile hakula tena na mtu, hata Wambura alipomfuata na tonge.

Ndipo wakatokea watu wa mnada wa Nyamuswa. Hawakuwa watu wa huku. Walimkalisha Petro katikati yao, wakamchagulia nyama nono, wakamwita mwenzetu. Mama yake alifurahi, masikini. Alimwambia mama yangu, "Mwanangu naye amepata watu." Kumbe kila mnada walikuwa wanamuuliza kidogo kidogo. Zizi la nani lina ng'ombe wengi. Njia gani inashuka mtoni bila kupita kwa watu. Nani analala karibu na mlango. Hawakumuuliza hata mara moja kwa nini anakula amesimama. Wewe wa kwako wamewahi kukuuliza umelala vipi?

Nyamaza, usinijibu.

Asubuhi ile tuliamka zizi jeupe. Ng'ombe wote wameondoka, na kaka yangu Wambura amelala mlangoni pa zizi, mshale umeingia chini ya shingo. Alikuwa ameshapoa. Mama yangu alikaa chini akamweka kichwa mapajani, akawa anamfuta vumbi usoni, anafuta, anafuta, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda kanisani. Mimi nilikuwa namwangalia tu. Hata sasa nikikuita wewe jina lako kuna siku naona yeye ndiye ataitika.

Na mbwa wetu wapo. Wazima, wamekaa pembeni, mikia chini. Mbwa wakali wale, ambao mgeni akipita barabarani walikuwa wanaamsha kijiji kizima, hawakubweka. Watu wakatazamana. Mmoja akaenda kwa mama Petro, akakuta kitanda cha Petro kitupu, na alama za ndala zake za tairi ziko mlangoni pa zizi. Hapo kila mtu akaelewa.

Vijana wakachukua moto jikoni kwetu. Ndiyo, jikoni kwetu, kwenye mafiga ya mama yangu. Wakaenda kuichoma nyumba ya mama Petro, naye yumo ndani. Babu yako alikuwa bado ameshika mkono wa mtoto wake aliyekufa. Akauweka chini taratibu, akainuka, akawapita wote, akasimama kwenye mlango wa yule mama. Hakushika hata fimbo.

"Mnawaona mbwa hawa?" akasema. "Hawakubweka kwa sababu walimjua Petro kuwa ni wa hapa. Mbwa walijua. Sisi wazee tulikaa kikao kizima tukashindwa kujua, na mimi nilikuwemo."

Kijana mmoja akapaza sauti, "Kwa hiyo hana kosa, mzee?"

"Ana kosa. Ameniletea kifo nyumbani, na nitamtafuta kwa miguu yangu nimfikishe polisi. Lakini mama huyu hajamuua mtu. Anayetaka kumchoma aanze na mimi, leo hata sitasikia maumivu."

Moto ukatupwa chini. Babu yako na wanaume wengine wakawafuata wale wezi, na kabla jua halijazama wakamkuta Petro mtoni, kifundo cha mguu kimevunjika. Wenzake wa nyama nono walikuwa wameshavuka na ng'ombe. Walimhitaji kwa njia alizozijua, na njia zilikuwa zimekwisha, wakamwacha hapo kwenye matope. Alipomwona babu yako hakukimbia wala asingeweza. Akasema, "Baba, mwambie Wambura anisamehe. Waliniambia ni ng'ombe tu."

Hakuwa anajua, maana alitangulia mbele kuonyesha njia na mshale ulirushwa nyuma yake. Babu yako akamwambia. Wanaume waliokuwepo walisema mtu yule alilia kwa sauti mpaka wakubwa wale wote wakageuza nyuso zao. Babu yako akambeba mgongoni mpaka barabarani, mtu aliyeleta kifo cha mwanawe, na hakumwacha mtu yeyote ampige. Akamkabidhi polisi, akarudi kuzika.

Petro alifungwa miaka mingi. Mimi nilishaolewa huku Musoma, na alipotoka nilikuwa nimeenda Mugeta kumsalimia baba, kwa hiyo nililiona kwa macho yangu. Mtu mwenye mvi alisimama kwenye uzio wetu akapiga mluzi. Ule ule wa zamani. Mbwa wakatoka mbio, na mbwa hao walikuwa wengine, wale wa zamani walishakufa. Wakambwekea, mwanangu! Walimbwekea wanataka kumrarua. Na yeye aliendelea kupiga mluzi, anapiga, machozi yanamshuka, mbwa hawamjui.

Baba akatoka na mkongojo wake, akawafukuza. Akampa kigoda, akaagiza chakula, wakawekewa sahani moja. Petro alishika tonge, likamshinda kumeza. Mama yake alishafariki. Akaaga, akaenda Bunda, akawa mlinzi wa duka mpaka alipokufa.

Sasa nakwambia wewe. Sisemi kule hawakukosei. Wanakukosea, na ninawakasirikia kwa ajili yako. Anayemuuliza mtoto wa nyumbani ametoka wapi, akamwuliza tena, akamwuliza tena, anafukuza mtoto mlangoni na hajui nani anamsubiri njiani. Nikipewa wazee wao hao niwaseme, nitawasema mpaka masikio yawaume. Wale vijana weupe ambao jana ulisema wanachoma nyumba za wageni, hao nawajua pia, nimewaona wakitoka na moto jikoni kwetu. Na hao wa simu yako wanaotaja jina la Mungu, usinitajie dini yao. Mama Zuhura jirani yangu ni Mwislamu, mimi ni Mkristo, tumezikana na tumelishana miaka yote, na hakuna Mungu wake wala wangu aliyewahi kutuuliza milango ya stesheni.

Ukikosewa, sema. Lalamika, andamana na wenzako, mpigie baba yako, nipigie mimi, piga yowe mpaka mtu akimbie. Asipokimbia wa kwanza, piga tena. Lakini usimwonyeshe mtu njia ya zizi la nyumbani kwako. Utaambiwa ni ng'ombe tu. Mshale haumchagui aliyekunyima rika, unampata aliyetoka nje na tonge lake. Jana umenisimulia habari za yule bibi wa ghorofa ya chini, mzungu, aliyekushikia baiskeli mpaka ukajua kuiendesha, na ana kambwa kazee kanakojua hatua zako kwenye ngazi. Ulisema anapanda treni kwenda kliniki. Niambie, Wambura, ni mlango gani wa stesheni ambao bibi yule hapiti?

Usilie. Au lia, hapa kwangu ruhusa. Ukimaliza, chukua simu yako uwajibu hao watu hapa hapa mbele yangu, kisha umpigie baba yako umwambie kila kitu, na majina yao umpe ayapeleke kwa wanaohusika. Mimi nakaa, siendi popote.

Mungu wa baba yangu akuvushe salama, mwanangu. Akupe watu wa kula nao sahani moja, na asipokupa upesi, akupe moyo wa kungoja. Mama yako akufungulie mlango kabla hujagonga. Na ukipanda ngazi zile, kale kambwa ka bibi kasikie miguu yako, kajue ni wewe, kanyamaze, na kunyamaza kwake kusimdhuru mtu.