Baridi Katika Chumba cha Nyuma

Niliigusa radieta ya chumba cha mdogo wangu, chuma cha kupashia joto tunachokiita shofaji, nikadhani mkono umenidanganya. Nikaigusa tena, juu, chini, kwenye bomba linaloingia ukutani. Chuma kilikuwa baridi kabisa. Nje, Schaerbeek nzima, mtaa wetu huku ughaibuni, ilikuwa imeganda, na tramu zilikwaruza reli kwa sauti kali kuliko siku nyingine.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amejikunja chini ya mablanketi yote tuliyokuwa nayo. Ana selimundu, ugonjwa ambao kwetu tunautaja kwa herufi mbili tu, SS. Baridi ndiyo adui yake: ikimwingia, damu inakwama njiani na maumivu yanashika mifupa. Huanzia miguuni, kisha hupanda. Yakifika mgongoni, ni ambulansi, ni hospitali ya Jette, ni mashine na mirija, na sisi kumkodolea macho.

"Imefika wapi?" nikamuuliza.

"Magoti, yaya," akaniita kama kwetu anavyoitwa mkubwa wa kuzaliwa. "Usiambie maman."

Maman alikuwa sebuleni, katika kilio. Mama yake alikuwa amefariki Bukavu, na kwa kuwa hatukuweza kusafiri, msiba ulikaa kwetu: wamama wa kanisa sakafuni, wanaume kwenye viti vya kuazima, makoti juu ya makoti, wimbo ukiingia ndani ya wimbo. Watu walipashana joto kwa miili yao, hakuna aliyehisi kwamba nyumba imepoa. Kumhamishia mgonjwa kule haikuwezekana. Nusu ya wageni walikuwa wanakohoa, na mafua kwake si mafua tu.

Nilimpigia fundi. Akasema Jumapili hatoki, atakuja kesho. Kesho ilikuwa mbali sana na magoti yale.

Tonton, mdogo wa marehemu baba, alikuja jikoni kutafuta kahawa, akanikuta nimesimama mbele ya boila, mtambo unaochemsha maji ya radieta zote.

"Eh, mwandishi! Unaisomea riwaya?"

"Tonton, shofaji haiwake kule nyuma. Mtoto anaumwa magoti."

Akaweka kikombe chini. Utani ukamtoka usoni.

Tulitazama mshale wa presha: ulikuwa mahali pake. Tonton akachukua kifunguo kidogo cha radieta, akaenda chumbani, akalegeza skrubu ya pembeni huku ameikingia kitambaa. Tulingoja mlio wa hewa iliyonaswa, ambayo huzuia maji ya moto kupita. Yakatoka maji tu, meusi, ya baridi.

"Hewa hakuna," akasema. "Bon. Na hii ya kufungulia?"

Valvu ya radieta ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Tukarudi jikoni, nikafungua bomba la maji ya moto. Boila ikashtuka, moto wa bluu ukaruka nyuma ya kidirisha, maji yakaanza kufuka mvuke. Nikafunga bomba; moto ukazimika.

"Donc ni nzima," tonton akasema. "Inaweza kuwaka. Haitake."

"Haijaagizwa."

Tukatazamana. Anayeiagiza ni kile kidude cheupe cha ukutani sebuleni, kinachopima joto la chumba na kuiambia boila iwake au ipumzike. Hatukuwa tumekiona tangu msiba uanze. Mbele yake, juu ya meza ndogo, ilisimama picha kubwa ya bibi, imeegemezwa ukutani, na pande zote mbili za picha iliwaka mishumaa, minene, iliyokatazwa kuzimwa mpaka azikwe. Kidude kilikuwa kimefungiwa mle nyuma, na joto la mishumaa likikipandia. Kilikuwa kinaiambia boila kwamba kwetu ni kiangazi.

Nilichungulia tena chumbani. Mdogo wangu alihamisha mkono tu, kutoka gotini hadi kiunoni, akauacha hapo.

Sebuleni walikuwa katikati ya sala. Nilipita nikiruka miguu ya watu, nikafika mezani, nikanyoosha mkono. Maman akanishika kifundo cha mkono. Sikuwahi kujua kwamba ana nguvu kiasi kile.

"Hapana kugusa mama yangu."

"Maman, nyuma ya picha kuna..."

"Watu wako wanaomba!"

"Ata haya hana," mama mmoja wa kanisa akanong'ona, kwa sauti ya kusikika na wote. "Watoto ya huku!"

Niliinama mpaka mdomo wangu ukagusa kitambaa chake cha kichwa. "Maumivu yamefika kiuno," nikamwambia.

Mkono wake ukaniachia. Sala iliendelea kidogo bila yeye, kisha ikadhoofika, kisha ikaisha. Maman aliinuka, akaichukua picha ya mama yake kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani. Kidude kikaonekana ukutani.

"Vingt-sept," tonton akasoma kwa sauti, kama hakimu: nyuzi ishirini na saba. "Kule nyuma mtoto anaganda, yeye anasema vingt-sept!"

Alihamishia mishumaa kwenye meza ya chakula, mmoja mmoja, kiganja kikiwa mbele ya moto. Mimi nikazungusha namba hadi mwisho. Kutoka jikoni ukaja mlio mdogo, halafu pumzi ndefu ya boila.

"Amen," mtu akasema. Mwingine akacheka, akajiziba mdomo.

Maman hakungoja. Nilimkuta chumba cha nyuma, picha bado kifuani, mkono mwingine juu ya radieta. Ilikuwa inagonga ndani, tik, tik, na uvuguvugu ulikuwa unashuka polepole kutoka juu. Tulikaa hivyo muda ambao nisingependa kuurudia, macho yetu yote kwenye mkono ule uliokuwa kiunoni.

"Inauma?" maman akauliza mwishowe.

"Inauma, maman." Mdogo wangu akavuta pumzi, akausikiliza mwili wake. "Lakini haipande tena."

Maman akaiweka picha juu ya kiti. Akavua viatu, akajilaza nyuma ya binti yake, akavuta mablanketi juu yao wote wawili. Sebuleni waombolezaji walianza wimbo, wakaukatisha, wakamngoja.