Santuri Niliyoisifu Kabla ya Kuisikia

Kwa mwaka mzima niliandika sifa za santuri bila kuwahi kusikia hata moja ikilia. Sijivunii. Ila sikuwa mwongo peke yangu, na hilo ndilo linalonipa nguvu ya kusimulia.

Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye harusi hapa Mpanda. Siku moja nilikwenda Dar es Salaam kununua spika, nikaingia duka la jirani lililouza santuri mpya kwa ajili ya ma-DJ wa hotelini na wa ufukweni. Zilikuwa sahani nyeusi, kubwa kama sinia la chai, zote za muziki wa hausi na ndugu zake wa kompyuta: ngoma inadunda dakika nane, dada mmoja anasema maneno mawili, basi. Mwenye duka, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alinisikiliza nikipiga soga na wauzaji wake, akanivuta pembeni.

"Kaka, wewe una maneno," akasema. "Kila mzigo mpya ukiingia nitakutumia vipande vya nyimbo kwenye simu. Uniandikie maelezo ya Kiswahili kitamu niyaweke kwenye kundi letu. Hawa ma-DJ wananunua kwa maneno."

Nikakubali, akaniingiza kwenye kundi. Walikuwa wanaume watupu, na kila mmoja aliamini Mungu alimpa masikio kwa kazi maalumu. Mkubwa wao alikuwa mtu wa ofisini mwenye vinanda viwili vya kuchezea santuri. Kila Jumapili alituma picha ya vinanda hivyo vikiwa vimefunikwa vitambaa vya kufuma, kama redio ya marehemu babu. Fundisho lao lilikuwa moja: muziki wa kwenye simu ni maiti, santuri ina joto. Mimi ninayekaa Mpanda, ambako mwezi wa kumi bati linaanza kulia kwa jua kabla hujamaliza chai, nikajifunza kusifu joto. Niliandika "besi yenye joto", "mkwaruzo wenye roho", "ngoma inayopumua". Wakanipigia makofi ya vidole kwenye simu. Mke wangu alisoma siku moja, akaniuliza kama hausi ni muziki wa mahausigeli. Nikamwona hana masikio.

Kiburi kikanipanda. Kwenye harusi moja kule Litapunga, watu wakiwa wamechangamka, nikaweka hausi. Dakika ya kwanza wakacheza. Ya pili wakatazamana. Ya nne shangazi wa bibi harusi akaja mezani kwangu, akainama kwa adabu.

"Mwanangu, mwimbaji amechelewa?"

"Hapana shangazi, wimbo ndio huu."

"Huu? Mimi nikajua bado mnajaribu mitambo."

Nikarudisha nyimbo walizozijua, na moyoni nikawadharau wote, pamoja na bibi harusi.

Ndipo ukaja mzigo ambao ndani yake kulikuwa na santuri moja yenye jalada la bluu, picha ya bahari ya giza. Mwenye duka alitaka maelezo jioni ileile. Bando langu lilikuwa limebaki kidogo; picha ilifunguka, kipande hakikufunguka. Badala ya kusubiri, nikaitazama ile picha nikaandika: "Besi nzito inayotambaa chini ya maji, sauti ya kiume yenye huzuni ya mtu aliyeona mengi." Kundi likajaa sifa. Mwenye duka alifurahi hata akanitumia santuri yenyewe kwa basi, zawadi.

Zawadi ile ilikuwa mtego. Mkubwa wa kundi akaandika mbele ya wote: "Tunasubiri video. Tuione ikilia huko kwenu Katavi."

Mpanda nzima sikupata kinanda cha santuri. Fundi redio mmoja aliigeuzageuza ile sahani akaniuliza kama ni kipuri cha trekta. Mwishowe shemeji yangu, ambaye kwao ni kijiji cha Mamba, akasema kuna katekista mstaafu kule aliyeachiwa gramafoni na mapadre wa zamani, na bado inalia. Nikaifunga santuri kwa kanga ya mke wangu, nikapanda basi la asubuhi, nikaipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa.

Mzee alinipokea vizuri. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza habari za Mpanda na mvua zake, kisha akaitoa gramafoni chumbani. Aliifuta vumbi taratibu, akachomeka umeme. Alinionyesha santuri zake tatu za nyimbo za Misa, akasema mkewe ndiye anayeujua mtambo vizuri, ila amekwenda mashineni kukoboa mpunga.

"Sisi wawili tutaweza, baba," nikasema. Mtaalamu.

Nikaweka sahani, nikashusha sindano. Kikatoka kitu kama ng'ombe anayeota. Ngoma ikapiga moja, ikafikiri, ikapiga nyingine. Kisha akaingia mwimbaji, sauti nene, imelegea, kama mwenyekiti wa kijiji mwenye mafua.

Mzee alisikiliza mikono ikiwa magotini. "Mwanangu," akasema, "huyu anayeimba ni mgonjwa?"

"Hapana, baba. Muziki huu una kina."

"Ahaa." Akaitazama sahani ikizunguka. "Basi kina chake ni kirefu."

Nami nilishangaa, lakini kwa furaha. Kila nilichobuni kilikuwepo: besi inatambaa, mwanamume ana huzuni. Nikajiona nina kipaji cha unabii. Nikarekodi video, nikatoka nje mpaka ulipopatikana mtandao wa kubeba video, nikaituma kundini.

Niliporudi ndani, mke wa mzee alikuwa anaingia na ndoo ya mchele kichwani. Hakuitika hata shikamoo yangu vizuri. Alisimama mlangoni, akasikiliza, akaitua ndoo.

"Nyie wanaume, mbona mnamtesa mtoto wa watu?"

"Mtoto gani, mama?"

"Huyo anayeimba. Si mwanamke huyo?"

Akaja, akaisimamisha santuri kwa kidole, akasoma katikati yake bila miwani. "Hapa imeandikwa mwendo wa arobaini na tano. Nyie mmeweka thelathini na tatu, ule mwendo wa polepole wa nyimbo za Misa." Ile arobaini na tano niliiona tangu Mpanda. Nilidhani ni namba ya toleo.

Akasukuma kitufe kidogo ubavuni mwa gramafoni, akarudisha sindano mwanzo.

Ukatoka wimbo mwingine kabisa. Ulikuwa mwepesi, unarukaruka, na mwimbaji alikuwa dada mwenye sauti nyembamba inayokaribia kucheka. Hapakuwa na bahari wala mtu aliyeona mengi. Mama alichukua ungo, akaanza kupepeta mchele, na baada ya muda mikono yake ikawa inafuata ile ngoma bila yeye kukusudia. Mzee naye akatingisha mguu, huku akimsimulia mkewe habari za mgonjwa wetu na video niliyowatumia wenzangu. Nilikaa kwenye kigoda, masikio yananiwaka. Nilitafuta lile joto nililolisifu mwaka mzima, sikulisikia. Nilisikia wimbo mzuri na vumbi kidogo kwenye sindano. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kuusikiliza muziki ule badala ya kuutafutia maneno.

Simu ikaanza kulia mfululizo.

"Wanasemaje hao?" mama akauliza.

"Wanasifu video, mama."

"Ipi? Si ulirekodi ile ya mgonjwa?"

"Ndiyo hiyohiyo."

Akaweka ungo chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kitenge. Mzee alijaribu kunihurumia, akashindwa, akacheka pia.

Nilisoma ujumbe mmoja baada ya mwingine ndani ya basi, njia yote ya kurudi. "Kina cha ajabu." "Hii huwezi kuipata kwenye simu." Kisha mkubwa wa kundi mwenyewe: "Mimi ninayo. Nimeisikiliza jana usiku kwenye mtambo wangu, taa zimezimwa. Sauti ya huyu jamaa imenitoa machozi."

Jamaa! Nikasoma mara mbili. Mtu huyu alikuwa na santuri ileile, vinanda viwili na vitambaa vyake, na ni wazi hakuwa ameitoa hata kwenye nailoni, maana angemsikia yule dada.

Ningeweza kukaa kimya. Nilikaa siku mbili, nikijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Lakini mwenye duka akanipigia kwa shangwe kwamba DJ mmoja wa Arusha ameiagiza kwa ajili ya kuipiga hotelini, kwa sababu ya ule uzito. Nikamwona akilini DJ yule mbele ya watu wake, akisubiri mwanamume mwenye huzuni aingie. Mama wa Mamba alikuwa amenilazimisha kurekodi na ile ya pili, "usiondoke na aibu tupu." Nikaituma kundini na maelezo yote: bando, picha ya jalada, kitufe, na kwamba sikuwahi kumiliki kinanda.

Mmoja akajibu kwamba video ya kwanza ina roho zaidi. Mwingine akaniuliza kama gramafoni za misheni zinauzwa. Mkubwa akaandika kwamba kundi hili ni la watu makini, na asiyejua tofauti ya mwendo na hisia hafai kuwafundisha wenzake. Akanitoa.

Mwenye duka alinipigia jioni. "Kaka, si ungenyamaza tu?"

"Na yule wa Arusha?"

"Ameshaipenda. Ananiambia ataipiga polepole hivyohivyo."

Bado ananitumia nyimbo. Siku hizi nazisikiliza mpaka mwisho kabla ya kuandika, nikikosa bando nasubiri bando. Juzi nilimwandikia kuhusu mzigo mpya: "Wimbo huu ni mzuri, unachezeka, dakika mbili za katikati zinachosha." Akanijibu kwamba kwa maneno hayo hatauza hata sahani moja.