Viatu ku mulango ya kaburi ya bafalme

Leo korali yangu ya batoto imenipatisha haya, kisha imeniliza.

Tuko Kampala, ku kaburi ya bafalme ba zamani. Mama mwenye kutuongoza anasema: «Mutoe viatu, muache hapa.»

Batoto bangu ba Beni, kule Congo kwenye vita, banatoa. Lakini kila mutu anashika vyake mu mikono!

«Hapa hakuna wezi,» mama anasema.

Kavira, mwenye kuimba sauti ya juu, anajibu: «Si juu ya wezi, mama. Ni juu ya kukimbia. Kwetu masasi ya bunduki ikilia, hauna wakati ya kutafuta viatu.»

Mama ananyoosha mikono, apokee viatu:

«Ingieni. Nitavilinda.»

Tuliingia, tukaimba.

Wakati ya kutoka: mama amepanga viatu vyote, ncha kuangalia barabara. Tayari kwa kukimbia!

Kavira alicheka sana. Akaacha vyake pale pale, akarudi ndani kuimba tena.