Mirehani Ambayo Bibi Hakutaka Ichanue

Juzi niliteremka sokoni Same kununua vitunguu, nikapita mbele ya mama mmoja aliyepanga mafungu ya mrehani wa zambarau. Harufu ile ilinisimamisha. Moyo ukaanza kunienda mbio kama mtu aliyechelewa mahali, na nilijua ni kwa nini.

Enzi za Mwingereza nilikuwa binti wa miaka tisa, nikilelewa na bibi yangu, mama yake baba, kule Shighatini, milimani Ugweno. Shangazi alikuwa ameolewa Tanga. Siku moja akatuma barua na mbegu zilizofungwa kwenye kitambaa. Mwalimu wa shule yetu alitusomea: tuzipande nyuma ya jiko, na mirehani ikichanua, naye atakuwa njiani kuja.

Tangu hapo sikutulia. Nikitumwa maji mferejini nilirudi mbio, nusu yamenimwagikia mabegani, ili niwahi kuchungulia bustani. Nikiachiwa makande nichochee moto, nilitoka kila mara kutazama majani, mpaka siku moja makande yakaungua tukayala yakinuka moshi. Majani yenyewe yalikuwa na rangi ya bilinganya, na ukungu ukishuka Bibi aliyafunika kwa majani ya migomba.

Lakini kila ua lilipochomoza, Bibi alilifinya kwa kucha akalitupa. Alisema mrehani ukikatwa kichwa hutanua matawi. Jirani alimsifu kwa kichaka kile kizuri. Mimi nilikasirika hata chakula hakikupita. Niliona anamfungia shangazi njia.

Basi nikang'oa mche mmoja, nikauhamishia mwisho wa migomba, ambako Bibi hakufika kwa sababu ya goti lake. Ukachanua. Nikawa nakimbilia mwinuko unaotazama barabara, siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Hakuna aliyepanda mlima kuja kwetu.

Bibi aliona ninavyokonda. Asubuhi moja alinifuata na fimbo yake, polepole, akayaona yale maua. Nikangoja kuchapwa. Akaketi juu ya gogo, akaniuliza kwa nini nimeyaacha. Nikamwambia, ili shangazi aje.

Bibi akasema: "Mimi nilikuwa nayakata, mjukuu wangu. Yasipochanua, shangazi yako hajachelewa."

Nilikuwa nimedhani ninayengoja ni mimi peke yangu.

Shangazi alikuja baada ya masika mawili, na mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa ameugua muda mrefu. Bibi hakumuuliza alichelewa wapi. Alimpokea mtoto, akaniambia niteleke maji ya kuoga.

Nyumba ile haipo tena, na mfereji umekauka. Nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao Bibi siku ile, wala hakuna aliyebaki huko juu wa kuningoja. Hata hivyo, gari likianza kupanda mlima wa Ugweno, siwezi kuegemea kiti.