Mlima Alioupita Bila Kuuona

Abiria ndio waliompa jina la Taratibu, na likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Aliendesha basi kutoka mji wa bondeni hadi mji ulio upande wa pili wa milima, akalala huko, akarudi kesho yake. Alianza masharubu yake yakiwa meusi na barabara ya mlimani ikiwa changarawe tupu. Alistaafu masharubu yakiwa meupe pe, na lami imeshatandikwa mara ya pili. Muda wote huo hakuangusha gari, hakumwumiza mtu, wala hakufika kwa wakati hata siku moja. Wenye haraka zao walimteta. Wenye watoto walimngoja yeye, hata kama basi jingine lilikuwa limeshawasha injini na linapiga honi.

Siri ya kazi yake ilikuwa nyepesi, na kila dereva mpya aliyekabidhiwa kwake alifundishwa hiyo kwanza: macho yasitoke barabarani. Nyuma yake watalii waliinuka vitini, watoto wakabandika pua kwenye vioo, kamera zikalia, na yeye akasikia shangwe zao kama mtu anayesikia harusi ya jirani kupitia ukutani. Kwake yeye mlima ulikuwa kipande cha lami mbele ya bampa, kioo cha pembeni, na mngurumo wa injini uliomwambia lini apunguze gia.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha, kati ya marobota ya kitambaa cha buluu na sketi zilizosubiri pindo. Hakuwahi kupanda basi la mumewe. Mwanzoni watoto walikuwa wadogo, baadaye kazi ilimbana, na kusema kweli, aliogopa. Siku za safari alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka nyuzi zikakatika, ili asiifikirie ile barabara. Hilo hakumwambia mumewe, naye mumewe alidhani mwenzake ni mchapakazi tu.

Baada ya kustaafu Taratibu alikaa nyumbani kama mzigo uliosahauliwa stendi. Alipanga upya rafu za jikoni, akapanga tena, mpaka mkewe akamwambia kwa upole kwamba sasa yeye, mwenye jiko, hata chumvi anaitafuta. Kitindamimba wao, binti aliyekuwa muuguzi wa wodi ya watoto, ndiye aliyeona baba yake anaanza kunyauka. Alikuwa amenunua kigari kidogo. Akasema Jumapili watapanda mlimani wote wanne, yeye, wazazi wake, na bintiye aliyekuwa ameanza tu shule, wakaone vitu ambavyo watu hutoka mbali kuja kuviona.

Taratibu alikataa. Mlimani hakuna asichokijua, alisema, mtu hapumziki kwa kurudi kazini. Ndipo mjukuu wake, aliyekuwa amelala kifudifudi sakafuni akichora, akamuuliza huko juu kuna nini.

Babu akaanza kuhesabu. Kuna kona kali ya kwanza. Kuna mahali ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi. Kuna mteremko unaochemsha breki, na kituo cha mafuta chenye choo kisafi. Mtoto alingoja, kalamu mkononi.

"Na vya kuangalia, Babu?"

 Taratibu alitafuta kichwani, akaikuta lami. Jambo hilo lilimkaa rohoni usiku kucha, na asubuhi akamwambia binti yake kwamba basi, Jumapili waende.

Walimweka kiti cha mbele, upande usio na usukani, naye hakujua mikono aiweke wapi. Kila kona mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu ya gari. Binti yake alivumilia mpaka walipoanza kupanda, kisha akamwomba aupumzishe huo mguu, maana gari lina breki moja tu na inamtosha yeye. Nyuma, bibi alikuwa amefumba macho akijidai amesinzia.

Kona ya tatu kulikuwa na sehemu pana pembeni ya barabara, yenye ukuta mfupi wa mawe, ambapo familia husimama kutazama bonde. Binti akaegesha. Taratibu akalalamika kwamba pale si kituo. Alipita hapo maisha yake yote na hakusimama hata mara moja, kwa sababu basi refu likisimama kwenye kona linaleta balaa. Lakini mjukuu alikuwa ameshafungua mlango, na babu hakuweza kumwacha mtoto ukingoni peke yake. Akashuka, akamshika mkono, wakasogea ukutani.

Bonde lilikuwa limefunuka lote. Mto aliouvuka darajani kila safari, akiujua kwa ule mdundo wa matairi tu, ulikuwa unajikunja kule chini na kumeta kama ukanda wa bati. Mashamba yalikuwa vipande vya kijani vya kila aina. Upande wa pili milima ilipandana, mmoja nyuma ya mwingine, kila uliokuwa mbali ukififia kuliko uliotangulia, mpaka wa mwisho hukujua kama ni mlima au ni anga. Taratibu alisahau kupumua.

Kisha akatazama chini ya miguu yake. Barabara ilikuwa imekalia ukuta wa mawe yaliyopangwa jiwe juu ya jiwe, bila saruji, na chini ya ukuta hakukuwa na kitu. Kulikuwa na hewa. Kundi la ndege lilipita likizunguka, na migongo yao aliiona kwa juu.

 Alizijua kona hizi kama meno yake, lakini hakujua zimening'inia wapi. Akawaona abiria wake wote, akina mama na vichanga, wazee waliosinzia mdomo wazi, wanafunzi na masanduku yao ya bati, wote amewapitisha juu ya shimo hili, wakati wa mvua na wakati wa ukungu, huku akifikiria chai. Aliketi juu ya ukuta, akiwa amelipa bonde mgongo, kisha akageuka tena kwa sababu hakuweza kuliacha.

Mjukuu akauliza kama Babu anaumwa.

"Hapana," alisema. "Babu anatazama."

Bibi hakushuka garini kona ya tatu. Alishuka kwenye handaki.

Handaki la zamani lilikuwa limefungwa kwa magari tangu barabara mpya ilipochongwa kando yake, na sasa ni watu wa miguu tu wanaoingia, watoto na tochi zao, wakipiga kelele ili mwamba uwajibu. Taratibu alilipita kwenye giza lake, taa zimewashwa, kwa miaka thelathini na ushei kabla halijafungwa. Alikuwa hajawahi kulikanyaga kwa miguu yake. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya maji. Mwongoza wageni, mama mmoja mwenye koti zito na taa ya kushika, aliwakusanya na kuwaeleza kwamba mwamba ule ulichongwa kwa nyundo na patasi, kabla mashine hazijafika milimani. Makundi mawili ya vibarua yalianza kwa pamoja, moja upande huu na moja upande ule, bila kuonana. Walikwenda hivyo kwa miaka. Karibu na mwisho waliweka masikio kwenye jiwe wakasikia nyundo za wenzao, ndogo, kama moyo wa mtu.

Aliinua taa akawaonyesha ukuta. Alama za patasi zilikuwa bado zipo, maelfu kwa maelfu, kila moja ni pigo la mkono wa mtu. Kisha akasogea hatua chache, akawaonyesha mahali pande mbili zilipokutana. Hazikulingana sawasawa. Ukuta ulikuwa umeruka kando kidogo, kama upana wa kiganja, na hapo ndipo wale watu walipopeana mikono kupitia tundu.

Taratibu akasimama palepale. Mahali hapo, kila safari, mikono yake ilikuwa ikigeuza usukani kidogo kuelekea kushoto. Hakuwahi kujiuliza kwa nini. Alidhani ni lami imebonyea, au ni basi lenyewe lina ukaidi wake. Kumbe alikuwa akipita kwenye kiungo cha kazi ya makundi mawili yaliyotafutana gizani, na mikono yake ilijua.

Alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. Mkewe, ambaye ameunganisha vitambaa maisha yake yote, aliweka kidole kwenye ule mruko wa mwamba akaufuata kutoka chini hadi alipoweza kufika.

"Wamejitahidi," alisema, kwa sauti ya mtu anayempa fundi mwenzake haki yake.

Taratibu naye akabandika kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa na unyevu. Mtu fulani, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alisimama hapa na nyundo, na kwa sababu yake wagonjwa walifika hospitali na maharusi walifika ukweni. Walikaa humo mpaka kundi zima likatoka na mtoto akaanza kulalamika miguu.

Juu kabisa kulikuwa na ngome ya kale, iliyojengwa enzi ambazo aliyeshika njia ya mlimani alishika nchi. Ili kuifikia unapanda kibanda cha vioo kinachovutwa kwa waya mnene wa chuma. Bibi alikiona kile kibanda kinavyoyumba hewani, akasema yeye atabaki chini na kikapu cha chakula. Binti alibembeleza. Taratibu hakubembeleza. Alimwambia tu kwamba leo yeye naye ni abiria, hajui lolote, na angependa kuogopa akiwa na mtu. Bibi akajifunga mtandio vizuri, akaingia. Alimshika mumewe mkono tangu mlango ulipofungwa hadi ulipofunguliwa, na kwa nguvu hivi kwamba pete ilimwachia alama.

Kwenye ngome watoto walikuwa wamepanda juu ya mizinga iliyoota kutu kama wamepanda punda. Mjukuu akakimbilia huko, mama yake nyuma. Wazee wawili wakafuata ukuta hadi kwenye tundu ambalo zamani walinzi walitazamia maadui. Upepo ulivuma bila kupumzika. Hapo ndipo walipoiona barabara.

Ilikuwa imelala yote juu ya mlima, kuanzia mji wa bondeni, ikipanda kwa kujikunja na kujikunjua, ikizama nyuma ya miamba, ikichomoza mahali ambapo hukuitegemea kabisa. Ilikuwa nyembamba kama uzi uliotoroka sindano. Juu ya uzi huo kilitembea kidude cheupe, polepole, kikafika kwenye kona, kikaonekana kama kimesimama, kikageuka, kikaendelea. Taratibu alikitambua kwa saa ya kupita kwake kabla ya umbo. Lilikuwa basi la asubuhi.

 Milima ilikuwa mikubwa kiasi cha kulifanya lile basi lisiwe na maana yoyote, na bado lilikuwa linapanda, limejaa watu.  Taratibu alikuwa akijiona mtu mdogo aliyefanya kazi ndogo, na mtu mdogo kweli alikuwa, sasa aliona udogo wenyewe kwa macho, lakini haukumwumiza. Ulimjaza kifua.

Bibi alikuwa hajaondoa macho kwenye ile kona.

"Kwa hiyo huko ndiko ulikokuwa," alisema.

"Ndiko."

"Kila siku."

"Kila siku, mke wangu."

Ndipo bibi alipomweleza habari za cherehani na nyuzi zilizokatika. Alieleza kwa maneno machache, akiwa bado anatazama mbele, na mtandio ukimpiga shavuni. Taratibu alisikiliza mpaka mwisho. Mwanamke huyu aliogopa kwa niaba yake miaka yote hiyo, wakati yeye mwenyewe hakuogopa. Alimsogelea tu ili amkinge na upepo, wakasimama hivyo mpaka basi likaingia nyuma ya mwamba na lisitokee tena.

Walipogeuka kuwatafuta mtoto na mama yake, Taratibu aliona kitu kinang'aa mbali, nyuma ya safu ya pili ya milima, buluu iliyokolea. Alimuuliza mlinzi wa ngome. Mlinzi akashangaa kwamba mtu mzima wa bondeni halijui ziwa. Ni ziwa, alisema, maji yake ni baridi kama chuma, na njia yake ni ya miguu, inaanzia pale penye kibanda cha bati ambapo basi hushusha watu wenye mabegi mgongoni.

Taratibu aliwashusha watu hao mara nyingi sana. Aliwafungulia buti, akawapa mabegi yao, akawaona wanapotelea vichakani wakicheka, na hakuwahi kuwauliza waendako.

Siku hizi ukipita nyumbani kwao mwisho wa juma utakuta cherehani imefunikwa shuka na mlango umefungwa. Maporomoko wameshayaona, na pango la chumvi, na daraja la kamba ambalo bibi alilivuka mara mbili, ya pili kwa kupenda kwake. Ziwa bado. Bibi amenunua viatu vya kutembelea, na kila jioni anavivaa kuzunguka ua ili vimzoee, huku Taratibu akimtazama kutoka barazani.