Jicho la Mkulima wa Lionja

Miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza, nilikuwa kwenye mstari wa zahanati Nachingwea. Mbele yangu alikaa mkulima wa kijiji cha Lionja, mkewe kando yake. Utando wa nyuma ya jicho lake la kushoto ulikuwa umebanduka, ukarudishwa kwa upasuaji.

"Umepumzika, mzee?" mganga wa zahanati akamuuliza.

"Sana."

"Jana kapanda juu ya mkorosho," mkewe akasema.

"Nilipanda polepole!"

Mganga hakucheka. Alimfunika jicho la kulia, akainua vidole. Mzee alikaza jicho; mkewe akamshika mkono.

"Vitatu."

Vilikuwa vitatu kweli.

"Utando ukibanduka tena, utapofuka jicho hili," mganga akasema. "Usipande miti, usibebe mizigo, usiiname kulima."

"Sasa nani atalima?"

"Mimi," mkewe akajibu. "Wewe utakaa uniangalie."

Mzee alisononeka kuliko aliyeambiwa arudi kwenye kisu cha upasuaji.